Nakoroma mpaka wifi ananihesabia. Kliniki niseme nini?

MamaKijacho_Makorora:
Asalaam aleikum wapendwa. Nina mimba ya wiki 30, ya pili. Mume wangu yuko baharini, kwa hiyo wifi yangu ndiye analala nami. Juzi tunakunywa chai kaniambia, "Wifi, wewe usiku unakata moto." Nikajua utani tu, wifi huyu hana dogo. Kumbe kakaa macho: nakoroma, halafu kimya, yeye anahesabu mpaka 14, mara nashtuka navuta pumzi kama mzamiaji. Kanirekodi kwa simu. Nilivyosikia niliona haya, kisha nikaogopa. Na mchana ndiyo usiseme, nimesinzia juu ya mbuzi nikikuna nazi! Kliniki wananipima uzito, presha, mkojo, damu. Nalalaje, hakuna aliyeniuliza. Nikisema si watanicheka?

Bi_Ngamiani:
Shoga, mimba zote tatu nilikoroma. Pua inaziba tu. Ukijifungua inaisha.

MkungaMstaafu:
Bi Ngamiani hajakosea, ila kasema nusu. Homoni za mimba huvimbisha pua kwa ndani, na miezi ya mwisho wengi hukoroma. Kinachonitia shaka ni hicho kimya na kushtuka. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi, inahesabiwa. Zikifika tano kwa saa, hilo tayari ni tatizo, na huandamana na presha ya mimba, kifafa cha mimba na kisukari cha mimba.

Usingoje kuulizwa, mwanangu. Na ukijazishwa fomu ya kuchunguza hili la pumzi kukatika usingizini ukaambiwa uko salama, usinyamaze. Iko moja ya maswali 8, STOP-Bang, ilitolewa Toronto mwaka 2008 kwa wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Inauliza: umepita miaka 50? Wewe ni mwanamume? Haya, mjamzito ataipatia wapi alama hiyo! Inauliza pia kama unachoka mchana. Nani ana mimba asichoke? Jibu la uhakika ni kipimo cha usingizi, unalala na vifaa vinavyorekodi pumzi na oksijeni usiku kucha. Wakilikuta, kuna mashine ya kusukuma hewa puani, na mjamzito anaitumia.

Kwa sasa lala ubavu, wowote, usilale chali. Tazama presha kwenye kadi, hudhurio kwa hudhurio. Ikifika 140/90, au ukipata kichwa kikali au maruerue, nenda siku hiyohiyo.

Bi_Ngamiani:
Mie wa pili nilipandishwa presha nikalazwa. Sikuwahi kuunganisha na kukoroma.

MamaKijacho_Makorora:
Shikamoo mama mkunga. Nimeitoa kadi: nilianza 110/70, mara ya mwisho 128/84. Jumatatu naenda na simu yenye ile sauti. Wifi naye anakuja, kasema yeye ndiye atakayeongea na daktari, maana mimi nilikuwa nimelala.