Barua ya kukataa kibali yanifikia baada ya muda wa rufaa kwisha: ni haki gani hii?

Ndugu wanabaraza,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira wala sitaificha, kwa sababu siamini kwamba jambo hili limenipata mimi peke yangu katika Kenya nzima. Niliomba kibali cha kuongeza vyumba viwili na bafu nyuma ya nyumba ninayoishi, nikakataliwa, na nilipotaka kukata rufaa nikaambiwa kwamba siku za rufaa zilikwisha kabla barua ya kunikatalia haijafika mkononi mwangu. Kaunti sitaitaja, kwani wakili wangu ameniomba nisiitaje maadamu shauri bado linaandaliwa, lakini mambo mengine yote nitayaeleza kama yalivyotokea.

Nyumba yenyewe ni ya chini, isiyo na ghorofa, iliyo kwenye ploti yenye hati miliki na isiyodaiwa ada yoyote ya ardhi. Vyumba hivyo vilikusudiwa mama yangu mzazi, ambaye magoti hayamruhusu tena kuishi peke yake kule alikopanga, kwenye ghorofa isiyo na lifti. Michoro ilitayarishwa na msanifu majengo aliyesajiliwa, ikapakiwa kwenye mfumo wa kaunti, na ankara ikaja kwenye simu yangu siku iyo hiyo. Nililipa, kisha pakawa kimya.

Kimya hicho kina maana katika sheria, na hapa naomba msome polepole. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kifungu cha 58(6), inasema kwamba mwombaji asiyepokea jibu la maandishi ndani ya siku 60 atahesabiwa kuwa amepewa ruhusa. Siku 60 zilipita bila jibu. Niliendelea kungoja nikiamini kwamba labda kazi ni nyingi ofisini, na ilipopita muda wa zaidi ya mwezi mwingine nikaenda mwenyewe kuulizia. Karani alifungua kabati, akatoa barua yenye jina langu na kunikabidhi. Tarehe iliyoandikwa juu yake ilikuwa siku chache tu kabla ya zile 60 kutimia. Nilipouliza kwa nini sikuarifiwa, nilijibiwa kwamba barua ilikuwa tayari siku zote na mwenye kosa ni mimi niliyekosa kuja kuichukua. Mfumo ule ule ulioweza kunitumia ankara kwa simu siku ya kwanza haukuweza kunitumia hata mstari mmoja wa kunijulisha kwamba uamuzi umetolewa.

Tazameni sasa tarehe hiyo moja inavyofanya kazi mbili. Kwanza inaizima ruhusa niliyostahili kuhesabiwa kuwa nayo, kwa sababu kaunti inadai kwamba ilijibu ndani ya muda, ingawa kifungu kinazungumzia jibu ambalo mwombaji amelipokea, wala si barua iliyolala kabatini. Pili inaiua rufaa, kwa sababu kifungu cha 61(3) cha sheria iyo hiyo kinatoa siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi, na siku hizo zinahesabiwa tangu waziri wa kaunti atoe uamuzi, hata kama mwombaji hana habari nao. Kwa hiyo afisa anayetaka kumnyima raia njia zote mbili hahitaji kuvunja kifungu chochote waziwazi. Anachohitaji ni kuandika tarehe inayomfaa, kisha kuifungia barua hadi wiki mbili zipite. Sisemi kwamba najua kilichopita kichwani mwa aliyeiandika yangu. Ninasema kwamba mlango wa kufanya hivyo uko wazi kabisa na hakuna anayeulinda.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba waliotunga sheria hii walijua jinsi ya kuliandika jambo hili kwa haki, kwa sababu wamelifanya kurasa chache mbele. Kifungu cha 72 kinahusu ilani anayopewa mtu anayedaiwa kuendeleza ardhi bila ruhusa au kinyume cha masharti aliyopewa, na mtu huyo naye ana siku 14 za kukata rufaa, isipokuwa zake zinahesabiwa tangu siku aliyokabidhiwa ilani. Yaani aliyejenga kwanza bila kuuliza anahesabiwa muda kuanzia alipopata karatasi mkononi, na aliyefuata utaratibu, akalipa ada na kungoja kwa adabu anahesabiwa kuanzia siku ambayo karatasi ilitiwa sahihi ofisini kwa watu wengine. Naomba mwanasheria yeyote aliyemo humu anieleze busara ya tofauti hiyo, kwani mimi nimeitafuta nikaikosa.

Sababu niliyopewa ya kukataliwa ni sentensi moja inayosema kwamba pendekezo halikidhi viwango vya mipango vya eneo. Haisemi ni kiwango kipi. Kama tatizo ni nafasi ya kuacha baina ya ukuta wangu na mpaka wa jirani, msanifu wangu angeweza kuirekebisha michoro kwa siku moja. Kama ni sehemu ya ploti itakayofunikwa na jengo, tungeondoa chumba kimoja. Kama ni shimo la maji machafu, kuna mahali pa kulihamishia. Hakuna anayeweza kurekebisha kosa ambalo hajaambiwa, wala kulipinga mbele ya kamati. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 47, inampa kila aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Utawala wa Haki ya mwaka 2015, kifungu cha 6(4), inakwenda mbali zaidi na kusema kwamba anayekosa kutoa sababu atachukuliwa mahakamani kuwa aliamua bila sababu nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo. Sentensi inayoweza kubandikwa kwenye barua ya mwombaji yeyote wa ploti yoyote haiwezi kuitwa sababu.

Wapo watakaoniambia niende moja kwa moja mahakamani. Nimeshauriwa kuhusu hilo pia, na njia yenyewe ina miba. Sheria hiyo ya mwaka 2015, kifungu cha 9(2), inaizuia mahakama kuupitia uamuzi wa kiutawala kabla mlalamikaji hajamaliza ngazi za rufaa zilizowekwa na sheria nyingine. Ngazi yangu ni ile kamati iliyokataa kulipokea jalada langu kwa kisingizio cha muda. Ni kweli kwamba mahakama inaweza kumwondolea mtu sharti hilo kukiwa na hali isiyo ya kawaida, lakini hilo huombwa kwa hoja, kwa wakili na kwa gharama, na mtu anayetaka kujenga bafu la mama yake hakupaswa kufikishwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa sababu ya barua iliyokaa kabatini.

Wengine wamenishauri faraghani nimwite fundi na kuanza kujenga, kwa kuwa ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Kwa maandishi ya sheria huenda wana haki. Ila kujenga bila ruhusa ni kosa ambalo adhabu yake inafika faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miezi 2, au vyote viwili, na ruhusa ya kuhesabiwa haina karatasi ya kuonyesha. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi huandikisha mradi kwa michoro iliyoidhinishwa, na mkaguzi akifika kwenye mjengo huulizia michoro yenye muhuri. Nitamwonyesha nini, kalenda?

Nisieleweke kwamba napinga udhibiti wa ujenzi. Tunaikumbuka Huruma, Nairobi, Aprili 2016, jengo la ghorofa lilipoporomoka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Nataka michoro yangu ikaguliwe, na ikaguliwe vikali. Lakini ukaguzi ni kazi ya kueleza kasoro iko wapi, na barua yangu haikueleza chochote kinachohusu usalama wa ukuta, wa paa wala wa msingi. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 tuliambiwa kwamba huduma za mipango zimekuja karibu nasi, na kwa umbali wa barabara ni kweli, kwani ofisi ninaweza kwenda kwa miguu.

Suluhisho nililopewa dirishani ni kuwasilisha ombi jipya na kulipa ada upya. Nimekataa. Kulipa upya ni kukiri kwamba uamuzi wa kwanza ulifanywa kihalali, na hata nikilipa hakuna kinachozuia barua ya pili kuandikwa na kufichwa vilevile, kwa kuwa bado sijaambiwa michoro ina kasoro gani.

Ninachotaka si kikubwa. Kaunti ionyeshe barua ilitoka lini ofisini, si iliandikwa lini. Kamati ipokee rufaa yangu na kuhesabu muda kuanzia siku niliyosaini kuipokea barua, kwani daftari la karani lina sahihi yangu na tarehe. Na wabunge wetu wakirekebishe kifungu cha 61(3) ili kifanane na cha 72, kazi ambayo ni ya maneno machache tu.

Kwa sababu hiyo nimeandika ombi rasmi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 nikitaka nakala ya daftari la barua zinazotoka na kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha saa na siku ambayo uamuzi uliingizwa. Sheria inawapa siku 21 kujibu, na wakinyamaza nitapeleka lalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile tunayoiita Ombudsman. Kila aliyenyimwa kibali katika kaunti yoyote naomba aitoe barua yake, alinganishe tarehe iliyoandikwa juu na siku aliyoipokea, kisha aandike hapa chini tofauti aliyoikuta pamoja na sababu aliyopewa, bila kutaja jina la afisa. Mwenye bahasha yenye muhuri wa posta asiitupe. Wakili wangu anasema kwamba tukipata hata waombaji wachache wenye barua za namna hii tunaweza kwenda pamoja, na jibu la kaunti kuhusu daftari likifika nitaliweka hapa lote.