Natafuta Managed JScript ya zamani (JavaScript ya Microsoft), ile ya DLR (tabaka la kuendeshea lugha za skripti juu ya .NET). Bado inapatikana popote?

fundi_dll
Wakuu habari zenu. Kuna mfumo nimekabidhiwa, uliandikwa enzi za mwanzo mwanzo za Silverlight 2 (plagini ya Microsoft ya kwenye brauza), na umejaa skripti za .jsx (sio React jamani, React ilikuwa haijazaliwa) ambazo zinategemea Microsoft.JScript.Runtime.dll na Microsoft.JScript.Compiler.dll. Mwenye mfumo skrini za kwenye brauza alishazisahau, anachotaka ni zile hesabu zilizomo kwenye skripti ziendelee kufanya kazi kwenye seva bila kuandikwa upya. Sasa hizo dll (mafaili ya kodi iliyokwisha kompailiwa) nazipata wapi? Kila linki ninayobonyeza inanipeleka CodePlex (tovuti ya Microsoft ya kuhifadhi kodi) na CodePlex walifunga 2017, NuGet (ghala la paketi za .NET) nako naona IronPython na IronRuby tu. Mwenye fununu anisaidie.

kobe77
Mbona unazunguka mkuu, ipo humo humo kwenye Windows yako. Fungua C:\Windows\Microsoft.NET\Framework\v4.0.30319 utakuta jsc.exe, ndo kampaila ya JScript.

mama_rantaimu
@kobe77 hiyo ni nyingine kabisa. jsc.exe ni JScript .NET, ilikuja na .NET ya kwanza 2002 na dll yake inaitwa Microsoft.JScript.dll, haina Runtime wala Compiler mbele. Anayotafuta mwenzetu ni Managed JScript, ilitangazwa 2007 pamoja na DLR, kwenye lile kundi la lugha za IronPython, IronRuby na VBx. Ikatoka na Silverlight 1.1 Alpha, ikaonekana na kwenye ASP.NET Futures, halafu ikaachwa kimya kimya hata hakuna aliyeaga. Zile mbili za Iron kodi yake ilikuwa wazi, ndo maana Microsoft ilipojitoa 2010 watu wakazipokea wakaendelea nazo (IronPython mpaka leo inapumua, IronRuby ilikomea 1.1.3). Hii walitoa dll tupu, so hata ukiipata hakuna wa kuitengenezea chochote.

Ila kabla hujahangaika na linki, faili la .xap (kifurushi cha programu ya Silverlight) la huo mfumo unalo? Maana xap ni zip tu. Badili jina mwishoni iwe .zip, ifungue, na kuna uwezekano mkubwa dll zimo, kwa sababu Chiron (zana ya kutengenezea hizo xap) ilikuwa inafungasha dll za lugha pamoja na skripti zako.

fundi_dll
Aisee! Zimo zote, na Microsoft.Scripting.dll juu. Nimeziweka kwenye projekti ya konsoli ya .NET Framework 4.8 zinagoma kulodi, nikajaribu kuitoa hiyo Microsoft.Scripting na kuweka ya NuGet ndo kabisa, napata TypeLoadException (eror ya kushindwa kulodi tipu) kila kona.

mama_rantaimu
Lazima. Ifungue hiyo dll kwenye ILSpy (zana ya kuchungulia ndani ya dll) uangalie sehemu ya references, ukiona mscorlib 2.0.5.0 ujue hiyo ilijengwa kwa ajili ya Silverlight, sio .NET ya mezani. Na kuchanganya matoleo ya DLR usijaribu tena, kila dll ya lugha imefunga ndoa na DLR iliyokompailiwa nayo, maana miaka ile walikuwa wanahamisha tipu huku na huku kila toleo, mpaka miti ya ekspresheni ikaishia System.Linq.Expressions ndani ya .NET 4. Kwa maoni yangu achana na kuifufua. Umeshapata skripti zenyewe na ndo mali, injini tafuta nyingine.

bitiyapili
Naunga mkono. Chukua Jint, ni intapreta ya JavaScript iliyoandikwa kwa C# tupu, hakuna faili la nativu (lililokompailiwa kwa mfumo endeshi mmoja) la kubeba. Mfano:

var e = new Engine();
e.SetValue("kiwango", 18);
e.Execute(File.ReadAllText("hesabu.jsx"));
var jibu = e.Invoke("kokotoa", 1200);

ClearScript nayo ipo, hiyo inatumia V8 (injini ya JavaScript ya Chrome) kwa hiyo ina kasi zaidi lakini unabeba faili za nativu za kila mfumo endeshi, kwa hesabu za ofisini sioni faida. Muhimu kuliko injini: omba ripoti za zamani, zile zenye majibu yanayojulikana, pitisha data ile ile ulinganishe mpaka senti. Hasa kwenye kukadiria desimali na kwenye tarehe, ndo sehemu injini mbili zinapopishana bila kutoa eror yoyote.

fundi_dll
Ripoti zipo, za kuchapishwa, nazilinganisha kwa macho hivyo hivyo. Skripti nyingi zimepita na majibu yanafanana. Iliyobaki inalia System is not defined, ndani naona inaita System.DateTime moja kwa moja.

bitiyapili
Hiyo ni Jint imekufungia .NET makusudi. Anzisha injini hivi: new Engine(c => c.AllowClr()), hapo System itaonekana. Ila iwashe kwa hiyo skripti peke yake, na kama kuna mahali mtumiaji anaweza kujiandikia fomula yake usiiwashe kabisa, atafika mpaka System.IO aanze kusoma mafaili ya seva.

fundi_dll
Fomula za watumiaji zipo kweli kwenye skrini moja. Natenganisha injini mbili basi.