Umeme ukirudi pampu inawaka yenyewe na haizimi. Naomba ushauri wa kupanga Home Assistant

KijanaWaGoba:

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Goba, Dar. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao, yanaingia tanki la chini, halafu pampu ya HP 1 inayapandisha kwenye simtank ya lita 2,000 juu ya mnara. Kontrola yangu ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya kiganjani) yenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, kwenye memori kadi ya GB 32. Pampu inawashwa na rilei ndogo ya waifai (swichi inayoamriwa kwa mtandao), Sonoff, ambayo jamaa yangu aliifuta programu ya kiwandani akaweka Tasmota, programu huria ya vifaa kama hivyo. Taa za nje (geti, baraza na nyuma) zipo kwenye rilei nyingine kama hiyo.

Umeme ukiwepo kutwa nzima, hakuna shida hata moja. Ukikatika ndipo sinema inaanza.

Pampu imepangwa kuwaka saa kumi na moja na nusu alfajiri, iende dakika 40, izime. Umeme ukikatika katikati, ukirudi inawaka yenyewe na haizimi tena. Juzi maji yamemwagika mpaka jirani akaja kugonga geti.

Taa nazo: umeme ukiondoka magharibi ukarudi saa mbili usiku, haziwaki mpaka kesho yake. Na kuna siku zimewaka saa tatu asubuhi, jua kali.

Nimeandika hivi:

```
triggers:
  - trigger: time
    at: "05:30:00"
actions:
  - action: switch.turn_on
    target:
      entity_id: switch.pampu
  - delay: "00:40:00"
  - action: switch.turn_off
    target:
      entity_id: switch.pampu
```

Za taa zimeandikwa vivyo hivyo, ila kwa saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Kuna fundi ananishauri nitupe Pi nifunge kontrola "ya kueleweka". Bei aliyoitaja nikanyamaza kwanza. Je, ni kifaa kibovu au ni programu?

BabuSimtank:

Kijana, tanki likijaa floti, lile boya lenye swichi, inakata, mchezo umekwisha. Kompyuta ya kazi gani hapo? Mimi yangu ipo tangu watoto wako shule ya msingi, haijawahi kuniuliza neno la siri.

FundiDada:

Babu hapo juu amecheka lakini amesema la maana, nitalirudia.

KijanaWaGoba, Pi yako haina kosa. Tazama kinachotokea. Ile "delay" ya dakika 40 inahesabiwa ndani ya Home Assistant, kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika, Pi inazima na hesabu inapotea. Ikiwaka tena haikumbuki kwamba kuna kitu ilikuwa inakisubiri, hivyo ile hatua ya mwisho ya kuzima haifikiwi kamwe. Upande wa pili, Tasmota ikitoka ilivyo inakumbuka hali ya mwisho ya rilei: umeme ulikatika pampu ikiwa inawaka, basi umeme ukirudi inawasha. Kwa hiyo anayewasha anakumbuka, anayezima amesahau.

Tiba ya haraka ipo kwenye rilei yenyewe. Andika anwani ya IP ya ile rilei kwenye kivinjari, ingia sehemu ya Console, andika:

```
Backlog PowerOnState 0; PulseTime 2500
```

PowerOnState 0 maana yake umeme ukirudi rilei ibaki imezima, isubiri kuambiwa. PulseTime ni saa ya ndani ya rilei: ikiwashwa na yeyote, iwe Home Assistant, simu au kidole cha mtoto, itajizima muda ukifika. Hesabu yake ina kituko kidogo. Kuanzia 112 kwenda juu unachukua sekunde unazotaka unaongeza 100. Dakika 40 ni sekunde 2,400, kwa hiyo 2500. Ukiandika 2400 tupu utapata dakika 38 na ushee.

Ukishafanya hivyo, ile delay na turn_off kwenye Home Assistant ziache kama ziada, ila usizitegemee.

Sasa la Babu. Hata hiyo PulseTime ni kubahatisha tu. Dakika 40 zinajaza tanki lililoanza tupu. Tanki likianza nusu, zinamwaga. Weka floti mbili: ya juu ikate tanki likijaa, ya chini ikate tanki la ardhini likikauka, maana pampu ikisaga bila maji inaunguza sili. Zote zipite mfululizo kwenye waya unaoamuru pampu. Hapo Home Assistant inabaki na kazi ya kusema "sasa ni wakati wa kupandisha maji", na floti zina haki ya kukataa. Kontrola ikiganda, ruta ikifa, memori kadi ikioza, maji hayamwagiki.

Halafu swali: pampu imeunganishwa moja kwa moja kwenye ile Sonoff?

KijanaWaGoba:

Dada shukrani sana, sijawahi kueleweshwa hivi. Babu shikamoo. Kompyuta naitaka kwa sababu nina sola kidogo na inveta, mbele ya safari nataka pampu iende mchana jua likiwepo badala ya kumaliza LUKU alfajiri.

Ndiyo, pampu ipo moja kwa moja kwenye Sonoff. Imeandikwa 10A, na pampu inakula kama 5.

FundiDada:

Hizo 5 ni ikishachanganya. Mota ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hapo kwa kitambo kidogo, na zile 10A za rilei ndogo zimepimwa kwa mzigo mwepesi kama taa ya kizamani au hita. Siku moja vile vibati vya ndani vitang'ang'aniana, na hapo hata uandike PowerOnState ngapi, pampu haizimi. Weka kontakta (swichi nzito ya mota inayovutwa na koili) pamoja na overload (kinga inayokata mota ikizidiwa) inayolingana na pampu. Sonoff iamuru kontakta, kontakta ibebe pampu.

PwaniByte:

Salaam kutoka Mombasa. Fundi amemaliza ya pampu, wacha nikupe ya taa.

Otomesheni yako imesimama juu ya tukio. Saa fulani ikigonga, fanya jambo. Saa hiyo ikipita stima haipo, tukio limekwenda zake, halirudi. Hakuna mtu wa kuiamsha Home Assistant aiambie "ulikuwa umelala, kumbe giza limeingia". Wewe andika hali: kukiwa na giza, taa ziwe zinawaka. Kisha mpe sababu kadhaa za kuiangalia hali hiyo.

```
triggers:
  - trigger: sun
    event: sunset
  - trigger: homeassistant
    event: start
  - trigger: state
    entity_id: switch.taa_nje
    from: "unavailable"
conditions:
  - condition: state
    entity_id: sun.sun
    state: below_horizon
actions:
  - action: switch.turn_on
    target:
      entity_id: switch.taa_nje
```

Sababu ya kwanza ni jua kuzama. Ya pili ni Home Assistant yenyewe kuwaka. Ya tatu usiipuuze: stima ikirudi, ruta huchukua muda wake kuamka, na mara nyingi Home Assistant inakuwa tayari kabla rilei haijaingia kwenye waifai. Amri inatumwa kwa kifaa ambacho hakipo. Ile ya tatu inasubiri rilei ionekane tena, ndipo inakagua giza.

Tumia jua badala ya saa. Huku kwetu karibu na ikweta magharibi haihami sana, lakini inahama kiasi cha kukuacha na geti lenye giza miezi fulani ukitumia saa ileile mwaka mzima. Hakikisha umeweka eneo lako sawa kwenye mipangilio na saa za eneo ni Africa/Dar_es_Salaam, sio UTC. Ukibaki na saa unayoiandika mwenyewe, iache ndani ya alama za mtajo kama ulivyofanya. Ukiziondoa, YAML (lugha ya hiyo mipangilio) inaweza kuigeuza 19:00:00 kuwa namba ya sekunde.

Ya kuzima andika vilevile kwa kugeuza: sunrise na above_horizon.

KijanaWaGoba:

Hii nimeielewa kabisa kaka. Ila ile ya taa kuwaka saa tatu asubuhi mbona haipo kwenye maelezo? Hapo Pi ilikuwa inawaka.

Mdau_wa_Mbezi:

Hiyo ni saa ya Pi mkuu. Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Ikizimwa haijui muda umekwenda kiasi gani, ikiwaka inaanzia karibu na pale ilipokatikia, halafu inasubiri intaneti iiambie saa sahihi. Kama umeme ulikatika jioni ukarudi asubuhi, na bando la ruta limekwisha au mtandao unasuasua, Pi yako inaamini bado ni jioni. Mpaka ifike "saa ya taa" kwa hesabu yake, kwenu ni saa tatu asubuhi.

Hata hiyo code ya jua aliyokupa mdau wa Mombasa itadanganyika, maana jua inalikokotoa kwa saa hiyohiyo.

Njia rahisi: weka UPS ndogo ya ruta, zile zenye 5V, 9V na 12V, ruta na Pi zisizime kabisa. Ila soma vizuri tundu la 5V. Pi 4 inataka hadi ampea 3, na nyingi ya hizo UPS zinatoa 2. Utaiona inajizima yenyewe ukadhani ni programu. Home Assistant ina kipengele cha kukagua umeme wa Raspberry Pi, kitakulalamikia umeme ukiwa hafifu.

Njia nyingine ni kuongeza kimoduli cha saa cha DS3231 chenye betri ya kidonge. Pi 5 imekuja na saa ndani lakini betri yake unanunua pembeni, wengi hawalijui hilo.

Na memori kadi itoe. Home Assistant inaandika kumbukumbu muda wote, na umeme ukikatika ikiwa katikati ya kuandika, ndiyo unakuta asubuhi haiwaki. Nunua SSD ndogo ya USB. Ukija kuongeza sensa za Zigbee (mtandao wa vifaa vidogo, si waifai), kidude chake usikichomeke ubavuni mwa SSD, kiweke mwisho wa waya wa USB, kwa sababu milango ya USB 3 inavuruga mawimbi ya 2.4 GHz. Bakapu nazo washa za kila siku, na ziende nje ya Pi. Bakapu iliyo ndani ya diski iliyokufa imekufa nayo.

Msafiri_Muscat:

Huku Muscat nafanya kazi kwenye majengo yenye KNX, mfumo wa waya wa kuendesha taa na vifaa vya jengo. Nadhani huyo fundi wa "kontrola ya kueleweka" ana kitu kama hicho kichwani. Uzuri wake ni kwamba hakuna bongo moja la kati: kila swichi na kila kifaa kinabeba programu yake na vinaongea kwenye waya mmoja. Ukimwaga pesa kama hizo kwenye nyumba iliyokwisha pigwa plasta utavunja kuta. Alichokwambia FundiDada ni wazo lilelile kwa bei ya Kariakoo: uamuzi wa hatari ukae kwenye kifaa chenyewe.

BabuSimtank:

Marahaba. Sasa floti mtaipitisha kwa waya wa volti 230 ndani ya maji tunayokunywa? Enzi zetu tulifanya hivyo, lakini enzi zetu watu walirushwa pia.

FundiDada:

Babu leo umeniwahi. Sahihi kabisa, na nilipaswa kulitamka mapema. KijanaWaGoba, usipandishe 230 mpaka kwenye simtank. Pale chini kwenye boksi la pampu weka pawa saplai ya 24V. Sonoff iwashe hiyo pawa saplai. Kutoka hapo 24V ipande mpaka floti ya juu, irudi, ipite floti ya chini, ndipo iingie kwenye koili ya kontakta. Waya ukichubuka kule mnarani, maji hayana umeme wa kuua. Laini ya pampu ipewe breka yake na RCD ya 30mA, kinga inayokata umeme ukivuja. Kazi ya upande wa 230 mpe fundi mwenye leseni, usijifunzie hapo.

KijanaWaGoba:

Jumamosi naanza. PowerOnState na PulseTime nimeweka muda huu huu, nimezima main switch nikawasha, pampu imetulia. Taa nazo zimekubali. SSD inasubiri mshahara.

Hiyo kontakta dukani niiombe vipi wasinibambike?

FundiDada:

Sema kontakta ya mota ya HP 1, koili 24V DC. Wengi watakupa ya 230V kwa sababu ndiyo wanayouza kila siku, na wengine watakupa 24V AC wakisema ni ileile. Si ileile. Kabla hujatoa hela geuza kontakta, soma maandishi karibu na A1 na A2, ncha mbili za koili. Kama hakuna neno DC au kamstari kanyoofu kenye vistari vifupi vya kukatika chini yake, rudisha. Na ukiifunga, plasi iende A1.