Dumbledore maana yake nini?

wa_mkomani: Wadau, jana hapa Lamu tumebishana barazani mpaka kahawa ikapoa, ati huyu mwalimu mkuu wa Harry Potter, Dumbledore, jina la ukoo limetoka wapi ama mwandishi kajitungia tu?

kijana_shela: Hajatunga babu, ni neno la kale la Kiingereza, yule nyuki mnene wa manyoya. Rowling, mwandishi mwenyewe, alisema mzee anapenda muziki so alimuwaza akitembea huku avuma peke yake kama nyuki.

bint_amu: Na Lupin je, yule mwalimu wao anayegeuka mbwamwitu kwa siri 😂 lupus kwa Kilatini ni mbwamwitu, yani jina lishatoboa siri mapema

nahodha_dau: Mie Shaaban Robert tu, Kusadikika mshtaki aitwa Majivuno, wataka ukoo wa nini tena

wa_mkomani: Haya nimeshindwa, kahawa ya leo juu yangu