Chama cha watu wa maafa kanda yetu: mwenyekiti awe mstaafu mwenye jina au mtu wa kazi?

kurasini_usalama:
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo kabla hatujagombana zaidi. Mimi ni afisa usalama kwenye bohari moja la mafuta huku Kurasini, tuna grupu la WhatsApp la watu wa kazi zinazofanana, kuna wa bandarini, wa mahotelini, wa hospitali, wawili watatu wa manispaa, watu wa Msalaba Mwekundu, na wengine wako Kibaha na Morogoro. Lilianza kama grupu la kutumiana nafasi za kozi na kuulizana bei ya vizima moto, sasa watu wanataka liwe chama kamili cha wataalamu wa menejimenti ya maafa na dharura, Dar, Pwani na Morogoro kwa pamoja.

Moto umewaka kwenye uongozi. Kundi moja linasema mwenyekiti lazima awe mkubwa mstaafu, mtu ambaye akipiga simu mkoani inapokelewa. Kundi lingine, na mimi niko huko kidogo, linataka mtu ambaye bado yuko kazini, anayejua drili ya mwisho ilifeli wapi. Afu kuna jamaa kaleta rasimu ya katiba, humo mwenyekiti anaitwa "mratibu mkuu wa dharura wa kanda" na kapewa mamlaka ya "kuongoza shughuli za uokoaji". Nilisoma nikacheka, baadae nikaanza kuogopa maana kuna watu waliipigia makofi.

Wenzetu huko nje wana vyama vya namna hii miaka mingi. Viongozi wao wa kanda wanafanya nini hasa? Na sisi tuchague mtu wa aina gani?

tx_mbezi:
Mkuu, kikubwa duniani ni IAEM, yaani chama cha kimataifa cha mameneja wa dharura, makao yake yako Virginia Marekani. Kilianza 1952 kama baraza la watu wa ulinzi wa raia, enzi za hofu ya bomu la nyuklia, kikabadilisha majina mpaka hili la sasa. Kule Marekani wamegawana kanda kumi kwa kufuata kanda za FEMA, yaani shirika la serikali yao la maafa lililoundwa 1979. Kwa mfano kanda ya 4 ni majimbo nane ya kusini mashariki, Florida na jirani zake, wale ambao kila mwaka wanakaa roho juu wakisubiri vimbunga.

Kila kanda ina rais wake, makamu, katibu, mhazini, wanachaguliwa na wanachama. Sasa sikiliza hapa ndo penye jibu lako: rais wa kanda wa chama HANA amri yoyote siku ya kimbunga. Sifuri. Kama kwa kazi yake ya mshahara ni meneja wa dharura wa wilaya fulani basi ataongoza huko kwake kwa cheo hicho cha serikali, sio kwa cheo cha chama. Kwenye chama kazi yake ni kutafuta mafunzo, kuwasukuma vijana wafanye mtihani wa vyeti vya taaluma, kupeleka sauti ya kanda kwenye bodi maana marais wa kanda wanaingia bodi ya Marekani, na kuhakikisha mtu wa kaunti hii anamjua wa kaunti ile kabla maji hayajaja.

Kitu kingine nachokipenda ni namna wanavyopata rais wa chama kwa Marekani nzima. Huingii moja kwa moja. Unachaguliwa makamu wa pili, mwaka unaofuata unapanda makamu wa kwanza, halafu ndo urais, na ukitoka unabaki kwenye uongozi kama rais aliyepita. Kwahiyo anayeshika usukani ameshakaa ndani anaona mafaili, na aliyetoka hajakimbia na password za email. Sisi huku mwenyekiti akiangushwa kwenye uchaguzi anaondoka na muhuri.

chapati_mbili:
Hahaha muhuri na stempu pedi yake.

Mimi nitakuwa mkweli japo mtanichukia. Nimekuwa mwanachama wa chama kimoja cha taaluma hapa mjini, sikitaji, uongozi wote ulikuwa madokta na mainjinia wakubwa, picha nzuri sana kwenye kalenda. Kazi ya chama ilikuwa mkutano mkuu mmoja hotelini, mgeni rasmi anachelewa saa tatu, anasoma hotuba, begi la semina, posho, kwaheri. Ukiuliza mafunzo unaambiwa tunatafuta mfadhili. Kwahiyo kabla hamjauliza nani awe mwenyekiti ulizeni mwenyekiti atakuwa na nini cha kufanya mwezi wa pili, maana cheo kisicho na kazi kinampata mtu asiye na kazi.

Mzee Kipenga:
Vijana nawasalimu. Nimetumikia zimamoto mpaka kustaafu, kwahiyo mimi ndiye huyo "mstaafu" mnayegombania, ingawa hakuna aliyeniita bado.

Hiyo rasimu ya "kuongoza shughuli za uokoaji" ichaneni leo leo. Nchi ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, na huko uratibu umewekwa kwenye kamati kuanzia taifa kushuka mikoani, wilayani mpaka chini. Mkoani mwenyekiti wa kamati ni Mkuu wa Mkoa, wilayani ni Mkuu wa Wilaya, na juu iko Idara ya Menejimenti ya Maafa, Ofisi ya Waziri Mkuu. Chama chenu kikijiandikia amri kitakuwa kinaomba ugomvi, na msajili hawapitishii.

Lakini zaidi ya sheria kuna hali halisi ya eneo la tukio. Nitawaambia jengo likianguka pakoje. Mwaka 2013, Ijumaa Kuu, lilianguka ghorofa mtaa wa Indira Gandhi wakafa watu 36, na Novemba 2024 Kariakoo tukaona tena. Mahali kama pale kila mwenye koti la kung'aa anajiona kamanda. Huyu anasema leteni kijiko, yule anasema kijiko kitawaua walio chini, mwingine anapiga simu anataka kreni, wananchi wanabeba matofali kwa mikono na wanasaidia kweli, siwadharau, wengi waliotolewa mwanzo mwanzo kwenye majanga yetu wametolewa na raia. Kuna dakika unahitaji mashine zote zizimwe na watu wote wanyamaze ili msikie kama kuna mtu anagonga bomba huko chini. Kupata huo ukimya Kariakoo, mchana, na umati ule, inatakiwa sauti moja. Ukiongeza "mratibu mkuu wa kanda" wa chama mwenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni umeongeza kelele.

Kinachosaidia ni kwamba yule wa kreni na yule wa hospitali na yule afisa wa zimamoto walishakunywa chai pamoja kabla. Anamwita kwa jina, anajua hatamdanganya kuhusu uzito wa mashine yake. Hiyo ndiyo kazi ya kiongozi wa chama, kuwakutanisha hao watu siku ambazo hakuna kinachoungua. Dar tulishakuwa na DarMAERT, timu ya pamoja ya taasisi mbalimbali za jiji, anzeni kwa kwenda kujifunza huko msijifanye mnavumbua gurudumu.

Kuhusu wastaafu, tuwekeni walezi. Mlezi anapiga hiyo simu ya mkoani mnayoitaka, lakini hasaini hundi.

Mwanakigogo:
Shikamoo mzee. Umenena.

Mimi ni mtu wa kujitolea, Msalaba Mwekundu, nakaa Kigogo karibu na bonde la Msimbazi kwahiyo maafa sisomei kwenye vitabu yanakuja mlangoni. Nina wasiwasi na hili neno "wataalamu". Mkifungua chama cha wenye digrii tu mtakosa watu wanaofanya kazi yenyewe. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipokuja, wale wa Jangwani na Suna mpaka wakaja kuhamishiwa Mabwepande, nani alijua nyumba ipi ina bibi asiyeweza kutembea? Mwenyekiti wa mtaa, mjumbe, na vijana wa pale pale. Hata vijana wa Ramani Huria walipochora ramani za mafuriko za jiji kuanzia 2015 waliwatumia wanafunzi na wenyeji wa mitaa, ndo maana mifereji midogo ambayo haiko kwenye ramani yoyote ilionekana.

Na mfano mzuri upo, kimbunga Hidaya, Mei 2024. TMA, watu wa hali ya hewa, walitangaza mapema, boti za Zanzibar zikasimama, na tangazo lilitembea mpaka kwenye magrupu ya akina mama wa vikoba. Mtu wa kutembeza ujumbe namna hiyo, saa tisa usiku anapokea simu, ndo katibu mnayemtafuta. Mwenyekiti mnaweza kumpata popote jamani, katibu ndo chama.

Pia naona mmetaja mwenyekiti weeee, hakuna hata mmoja aliyetaja mwanamke.

tx_mbezi:
Dada hilo la digrii wenzetu wamelitatua kiasi. IAEM wana vyeti viwili. Kimoja cha juu, CEM, kinataka uzoefu, saa 100 za mafunzo ya dharura na saa 100 nyingine za uongozi na utawala, michango yako kwenye taaluma, na mtihani, halafu kila miaka mitano unathibitisha upya la sivyo kinakufa. Cha chini yake, AEM, hakikubani kwa digrii. Kwahiyo mtu wa kujitolea ana mlango wa kuingilia. Sisi tunaweza kuwa na mwanachama kamili na mwanachama mshiriki, wote wapige kura, tofauti iwe kwenye nani anasimamia mambo ya mitihani na viwango basi.

Na walimu tunao hapa hapa, Chuo Kikuu Ardhi wana kituo cha mafunzo ya maafa na wanatoa hadi shahada ya uzamili. Kiongozi wa kwanza aende akabishe hodi pale kabla hajaenda kutafuta mfadhili.

moro_msamvu:
Naomba na sie wa Morogoro tusikike, maana "kanda" ikitamkwa na watu wa Dar huwa ina maana Dar na wasindikizaji.

Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakaenda kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya 100, na majeruhi wengine wakapelekwa Muhimbili. Angalia hiyo safari. Mafuta yalikuwa njiani, tukio ni la Morogoro, vitanda vya majeruhi wa moto viko Dar. Hakuna mkoa mmoja hapo. Kwahiyo mimi natoa hoja makamu mwenyekiti asitoke mkoa mmoja na mwenyekiti, iandikwe kwenye katiba, na uenyekiti uzunguke. Afu wewe wa mabohari ya Kurasini ndo ningependa uwe kwenye kamati maana malori yanapakia huko kwenu.

kurasini_usalama:
Aisee nashukuru sana wote. Mzee Kipenga ile ibara nimeipeleka kwenye grupu na maneno yako, mwenye rasimu kanuna ila kakubali kuitoa. Ulezi nao wamekubali, japo kuna mstaafu mmoja kauliza mlezi ana posho kiasi gani.

Wa Msamvu umenishika pabaya, kwenye rasimu nzima kweli hakuna sehemu inayotaja barabara. Tutaandika wazi: chama hakina amri kwenye tukio, mwanachama akifika eneo la tukio yuko chini ya kamanda aliyepo na anatumia cheo cha mwajiri wake. Makamu anaingia mwaka mmoja kabla ya kushika uenyekiti, mikoa inapokezana.

Swali dogo la mwisho, tusajili wapi, tukawe NGO?

Mzee Kipenga:
Kama lengo ni kuendelezana nyinyi wanachama kitaaluma nendeni kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Jumuiya. NGO ni njia nyingine, iko wizara ya Maendeleo ya Jamii, na ina taarifa zake za fedha za kila mwaka, msiingie huko kwa sababu mmesikia kuna wafadhili. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha wenye saini, na wasifu wa viongozi. Hapo kwenye wasifu wa viongozi ndo mtajua nani alikuwa anataka cheo cha mdomoni tu.

chapati_mbili:
Kiingilio shilingi ngapi? Mhazini ni nani?

kurasini_usalama:
Kiingilio bado tunabishana. Mhazini hakuna aliyejitokeza mpaka sasa, wenyekiti wako sita.

Mwanakigogo:
Niwekeni mimi mhazini. Vikoba nimeshika, daftari langu halijawahi kupungua. Ila risiti kila kitu, hata maji ya kunywa.