Naomba ushauri: nimestaafu, kijana wangu ananitaka dukani kwake

Habari zenu wakuu. Nimestaafu mwaka jana nikiwa na miaka 60, 9 ya mwisho nikiwa mkurugenzi wa kampuni ya usambazaji hapa Dar es Salaam. Hadi leo saa 11 alfajiri niko macho. Naoga, napiga pasi shati, kisha nakaa barazani na kikombe cha chai, sina pa kwenda. Simu iliyokuwa haipumziki sasa inaita mara mbili kwa siku, moja ni ya dada yangu wa Moshi.

Kijana wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Mbagala. Juzi nilifungua daftari lake la madeni: mafundi wamekopa saruji na nondo, mmoja kaandikwa "Fundi Juma" tu, hata namba ya simu hakuna. Iliniuma. Anataka tuwe wabia, niweke sehemu ya kiinua mgongo. Mama watoto anataka pesa zote ziende kwenye hatifungani za serikali za miaka 20, yaani tuikopeshe serikali, tupate riba kila miezi sita. Mimi moyo uko dukani, ila nimezoea kuamrisha, naogopa kumgeuza mwanangu karani wangu.

Waliofanya biashara na watoto wao, mlianzaje? Mliandikishana kwa mwanasheria au mlimalizana nyumbani?