Nimelipa laki na nusu nipimwe baiskeli, nimeishia kuambiwa tako langu ni la bajaji

Wakuu, naandika nimesimama. Kukaa siwezi.

Jamaa mnamjua, simtaji. Yule fundi wa tepu shingoni anayekupima mwili ili baiskeli ikukae sawa, mwenye bango la "vipimo vya kitaalamu, endesha bila maumivu". Kila msafara wa Jumamosi wa Bagamoyo lazima mtu akwambie nenda kwa yule, atakupima hadi kope. Nikaenda. Laki na nusu taslimu, risiti hakuna.

Naingia, ananikagua unyayo hadi kisogo kama yuko mnadani Pugu. Namwambia kaka, nikipita kilomita 30 vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi na kiuno kinawaka moto. Hakuuliza swali hata moja. Hakunipandisha nipige pedali aone goti linavyokwenda. Kazunguka nyuma yangu, kanyamaza, kavuta pumzi, halafu mbele ya wateja sita na mama wa chapati akatamka: "Kaka, hili tako si la baiskeli. Hili la bajaji."

BAJAJI, wakuu. Mama wa chapati kacheka mpaka chapati imeungua, na hiyo iliyoungua kaniuzia mimi.

Kazi yenyewe dakika kumi na mbili, humo humo kapokea simu tatu. Kashusha siti vidole vinne "ili kwenye taa nyayo zifike chini". Kainamisha pua ya siti. Kanifungia siti mpya ya jeli, pana kama sinia la pilau. Leo natoka Mwenge, kufika Tegeta magoti yanalia kama mlango wa banda la kuku, viganja havina habari na mimi, na kila pedali naisikia ile sauti: hili la bajaji.

Nimerudi kwa bajaji. Ndiyo, najua. Na nimekaa vizuri kabisa, hiyo ndiyo inayoniua.

Muuza Karanga: Picha ya tako kwanza, tusihukumu kwa kusikiliza upande mmoja.

kichwa_ngumu: Mkuu, laki na nusu ungekula chipsi kuku mwezi mzima ukalitendea haki.

Pedali Moja: Nimecheka hadi mtoto kaamka. Ila huyo kakuumiza kweli. Siti ikiwa chini mno goti linauma kwa mbele, ikiwa juu mno linauma kwa nyuma na kiuno kinayumba. Pandisha. Kaa juu, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke wote. Ukikanyaga kawaida, goti litabaki limepinda kidogo, nyuzi 25 hadi 35 hivi. Pua ya siti ilaze sawa na ardhi, maana ikiinama unateleza mbele na uzito wote unabebwa na viganja, ganzi lazima. Na upana wa siti unafuata ile mifupa miwili ya kukalia, nyama haihusiki. Kalia boksi gumu, ona alama mbili, pima katikati yake. Tako lako halina kesi.

Mwenye uzi: Shukrani mkuu, lakini hukusikia ALIVYOLISEMA. Alivuta pumzi kwanza.

Babu wa Phoenix: Vijana mnachosha. Mimi nimebeba magunia mawili ya mkaa toka Kisarawe, na shangazi yenu juu yake, hakuna aliyenipima.

kichwa_ngumu: Shikamoo babu. Si ndiyo maana unatembea kama koleo?

Babu wa Phoenix: Marahaba. Koleo mjukuu wangu, lakini nimesomesha.

Dada Zuu: Mnalilia tepu za baiskeli nyie? Fundi cherehani wangu kanipima mara NNE kwa sare ya harusi ya wifi. Siku ya harusi kanipa gauni la mkono mmoja, ananiambia dada hiyo ndiyo fasheni. Picha zote nimesimama nyuma ya mnazi.

Muuza Karanga: Ni yule wa "njoo kesho jioni"?

Dada Zuu: Wote ni wa njoo kesho jioni.

Mwenye uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Mbele ya mama wa chapati jamani.

Pedali Moja: Mimi suti yangu ya send-off ilikuja mguu mmoja mrefu. Nilidhani ni mimi nachechemea.

Mwenye uzi: Bajaji.

Muuza Karanga: Tumekusikia mkuu. Dada Zuu, hilo gauni ulilipa lote?

kichwa_ngumu: Mwenye fundi wa suruali Tabata asiyekula kitambaa anicheki PM. Wangu kanirudishia suruali inabana, kugeuka naona mwanawe anacheza mpira na kaptura ya kitambaa kile kile.